Si Kila Tundu ni Ufa

Mwaka sabini na tisa, nikiwa na miaka kumi na mitatu, niliacha shule. Sare ilikuwa moja, sisi watoto wa kiume tulikuwa wawili, na mdogo wangu ndiye alikuwa na akili ya kusoma. Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta humu neno limekaa vibaya, lirekebishe mwenyewe uendelee. Mimi nilikwenda Mbeya kujifunza kuchomelea mageti na madirisha. Nilirudi Rungwe kijana wa miaka ishirini na sita, nina mashine yangu ya kuchomelea, nina mke, na nina kiburi kilichozidi hivyo vyote viwili kwa uzito.

Leo nataka kukuambia habari ya pikapu ya baba yangu. Nakuambia kwa sababu naona vijana mnakata bodi za magari yenu uani, simu imeegemezwa kwenye tofali inawafundisha. Sikatai. Hata mimi nilianzia uani. Ila simu haitakuambia hili nililolipata mimi.

Pikapu ile ndiyo iliyokuwa miguu ya nyumba yetu. Ilibeba ndizi kutoka Masukulu hadi sokoni Tukuyu, ikabeba wagonjwa, ikabeba kwaya na ngoma zake. Lakini wewe unaijua mvua ya kwetu. Gari la Rungwe halizeeki kwa safari, linazeeka kwa kulowana. Kutu ilikuwa imekula lile boksi refu la bati lililo chini ya milango, pale mtu anapokanyaga akipanda. Ukibonyeza kwa kidole, kidole kinaingia.

Nikamwambia baba, "Usihangaike kutafuta fundi. Umezaa fundi."

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema tu, "Haya. Lakini hiyo ndiyo inayotulisha."

Nilifanya kazi siku tano kwenye migomba nyuma ya nyumba, kwa jenereta la kuazima. Nilikata bati bovu, nikakunja jipya, nikachomelea. Kazi nilikuwa naijua, sitajidharau hapa. Tatizo ni kwamba nilikuwa naijua kazi ya geti. Geti ni bomba, na bomba la geti unaliziba kila mwisho ili maji yasiingie. Ukiacha tundu, mwenye geti atakurudia baada ya masika mawili anakutukana. Sasa chini ya lile boksi, na chini ya milango pia, nilikuta vitundu vidogo vidogo vimepangwa mstari. Nikajiambia, kumbe ndiyo maana limeoza, wazungu hawa wavivu! Boksi jipya nikalitengeneza bila tundu hata moja. Vya milango nikaviziba vyote. Nikapaka rangi, nikaita majirani waje waone. Walipouliza mbona nimeziba kila mahali, niliwajibu kwa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakapiga makofi. Methali, mwanangu, ni kama nyundo. Haikuulizi unagonga nini.

Mke wangu, Tusekile, ndiye aliyekuwa akiosha pikapu ile utomvu wa ndizi. Masika ya kwanza yalipokwisha alinifuata, ndoo mkononi.

"Baba Lugano, hili gari nikilisukuma kidogo linalia maji. Kama dumu lililojaa nusu."

"Maji yatoke wapi, nimeziba kila kitu?"

"Sijui yanatokea wapi. Nasema yapo."

"Tusekile, wewe jua ng'ombe na magimbi. Mambo ya bati niachie mimi."

Alinitazama kidogo, akaokota kitambaa chake. "Haya, fundi," alisema. Tangu anioe, maana ukimsikia yeye atakuambia yeye ndiye aliyenioa, hakuwahi kuniita fundi. Nilidhani ananisifu.

Sasa sikiliza vizuri, maana nyie wa leo mila hii mnaicheka. Kwetu, mke wa mtu na baba mkwe hawatazamani usoni, hawakai meza moja, hawagusani. Ni heshima. Kwa hiyo tukienda sokoni, mimi nashika usukani, baba anakaa kando yangu, na Tusekile anakaa nyuma juu ya ndizi, mgongo ameupa kioo. Mvua ikinyesha anajifunika jani la mgomba. Hakuwahi kulalamika.

Masika ya pili yakapita. Asubuhi moja tunapanda kutoka Masukulu, gari limejaa, tairi la mbele likatumbukia kwenye korongo dogo barabarani. Si kitu cha ajabu, tulikuwa tunatumbukia kila siku. Lakini siku hiyo nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu, na baba aliyekuwa ameegemea mlango wake hakuwepo tena. Mlango ulikuwa umeng'oka na nguzo yake na bawaba zake, kwa sababu kule chini hapakuwa na kitu cha kuishikilia. Vyote vililala kwenye tope, baba juu yake.

Kabla sijavuta breki ya mkono, Tusekile alikwisha ruka. Jambo hilo bado naliona. Alivuta khanga usoni akajifunika mpaka kidevuni, akageuza kichwa upande, akaingiza mikono chini ya makwapa ya baba mkwe wake akamnyanyua. Hamtazami, ila amemshika. Sijaona heshima kubwa kuliko ile, na ilikuwa ni heshima inayovunjwa.

Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Baba aliuma meno. Hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akitazama lile boksi langu lililopasuka. Maji yalikuwa yakitoka humo, mekundu ya kutu, yanatoka tu, hayaishi, yanachora mfereji barabarani. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, haya ni maji ya mvua ya lini?"

Maji yalikuwa yameingia kwa juu, kupitia vioo na mipira ya milango, kama yanavyoingia kwenye kila gari duniani. Wale niliowaita wavivu waliacha vitundu ili yakiingia yatoke. Mimi niliyafungia ndani, yakala chuma kuanzia tumboni huku nje rangi inang'aa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikataa kusikia la mdogo, na aliyevunjika akawa mkuu.

Aliporudi kutoka hospitali, mkono umefungwa kifuani, baba aliketi barazani akaniita. Tusekile alikuwa jikoni, ukuta mmoja tu katikati, na baba alijua. Alipaza sauti, lakini maneno alinielekezea mimi, kama mila inavyotaka.

"Niulizie huyo aliye nyuma ya ukuta. Alijua kuna maji?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka jikoni: "Mwambie baba, nilijua."

"Alimwambia nani?"

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. "Mwambie nilimwambia fundi."

Baba alicheka mpaka bega likamkumbusha, akalishika. Alipotulia hakuwa anacheka tena.

"Mimi gari silijui," alisema. "Najua maji. Tazama hii nyumba. Nimeizungushia mfereji, na kila mwaka naufukua. Nikiuziba, mvua itaacha kuja? Itakuja, ila itakaa chini ya msingi. Huyo aliyetengeneza gari aliacha njia ya maji, ukaiziba bila kuuliza. Hilo nakusamehe, hukusoma. Lakini Mungu alikupa mtu wa kukuambia, ukamziba na yeye. Hilo hukulikosa shuleni. Hilo umelikosa kwa kiburi."

Mwanangu, nimepigwa na watu, nimepigwa na umeme wa mashine, sijawahi kupigwa vile.

Nilianza upya, baba akiwa amekaa juu ya ndoo ananitazama. Safari hii nilikata mpaka nikafika kwenye chuma cheupe, hata kama roho iliniuma kuona nakata kazi yangu mwenyewe. Nilikaza mihimili kwenye nafasi ya mlango kabla ya kukata, bodi isije ikalegea. Nilichomelea kwa vituo vifupi, huku na kule, bati lisijikunje kwa moto. Nilifunga mlango na kuufungua kabla ya kumaliza, maana mlango ukikataa leo hautakubali kesho. Nikatoboa vitundu vyote mahali pake, nikamimina oili ndani. Kisha nikamwita Tusekile. Alimwaga jagi zima la maji juu ya kioo, akachuchumaa, akasubiri. Maji yakadondoka chini, tone kwa tone, meupe.

"Yanatoka," alisema.

Hapo tu ndipo baba alipoinuka kwenye ndoo yake. Na tangu siku ile mpaka Mungu alipomchukua, hakupanda gari lolote nililolitengeneza kabla ya kuuliza, akitazama pembeni: "Aliye nyuma ya ukuta amesemaje?"

Basi shika hili. Ukikuta tundu kwenye kazi ya mwenzako, uliza kwanza limewekwa na nani na kwa nini, kabla hujalitafutia methali. Usifunike kutu kwa rangi, ifuate mpaka iishe. Na mtu wa nyumbani mwako akikuambia anasikia maji, hata kama hajui jina la spana, weka chini ulichoshika usikilize. Mdomo wa mwenzako ndio kitundu cha nyumba yako. Ukiuziba, hutasikia kelele, na utadhani ni amani.

Mimi leo nina karakana Kyimo yenye paa. Nina mashine mbili za kuchomelea na jenereta langu mwenyewe. Nina migomba, ng'ombe watatu wa maziwa, na nyumba ya matofali yenye mfereji pande zote nne. Ile pikapu ninayo, inatembea. Na nina jagi moja la plastiki limening'inia mlangoni mwa karakana, ambalo hakuna anayeligusa ila Tusekile. Gari halitoki kwangu mpaka yeye aseme yanatoka.

Mungu akupe mikono inayojua, na masikio yanayojua zaidi. Mvua ikunyeshee, ipite, isikae ndani yako. Kyala akusaje, Mungu akubariki, mwanangu.