Chokaa ya Fundi Gibson

Mume wangu Gibson alikuwa fundi wa chokaa. Naandika fundi kwa sababu waliokuwa wakikarabati lile kasri la kale la ufukweni, liwe hoteli ya kifahari, walimwandika kibarua.

Alizaliwa Tukuyu, akajifunza kazi kwa mzee mmoja wa Bagamoyo, akatujengea nyumba hapa Chanika. Nyuma ya jiko alichimba shimo, akaloweka chokaa humo. Kuta za mawe ya matumbawe kama zile za kasri, alisema, hazitaki saruji. Zinataka chokaa iliyolala majini miezi sita. Msimamizi wa kasri akamwambia, "Mzee, sie tunafungua Desemba, wewe unavundika ndizi?" Wakamwondoa. Mtaani ikasemwa kafukuzwa kwa uvivu. Mwaka uliofuata akafariki, na neno hilo nililisikia hata matangani.

Mwezi uliopita alikuja Mehdi, mtoto wa mwenye hoteli. Plasta ya saruji ilikuwa inabanduka vyumba vyote vya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tumesikia fundi aliacha chokaa shimoni."

"Leo ni fundi?"

Akainamisha kichwa. Binti yangu Tupokigwe akadakia, "Ndizi zimeiva, kaka."

Sikucheka. Tangu mazishi sicheki wala silii. Nafanya yanayopaswa kufanywa. Nilimwambia achukue bure, ila kwanza alete barua nitakayoisoma kanisani, ieleze mume wangu aliondolewa kwa nini.

Aliileta Jumamosi. "Kibarua Gipson aliacha kazi kwa hiari yake." Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Nilichukua kalamu nyekundu nikasahihisha: fundi, Gibson, aliondolewa kwa kukataa saruji.

"Mama, baba hatasaini hii."

"Basi shimo halitafunuliwa."

Jumatano akarudi na barua safi, yenye saini na muhuri. Niliisoma mara mbili nikitafuta kosa. Halikuwepo. Watu wake wakaondoa bati lililofunika shimo, wakachota chokaa nyeupe, laini kama mtindi, wakajaza mapipa, wakaondoka.

Jumapili nilisimama mbele ya usharika nikaisoma yote. Nyuma mtu akapiga kigelegele. Waliosema matangani walikuja kunishika mkono, nami nikawapa mkono. Nilingoja kitu kinishike kifuani. Hakikuja.

Nilirudi nyumbani, nikabadili nguo, nikarudisha bati juu ya shimo tupu, kuku wasitumbukie.