Lodging ya mama pale Nuu, na swali lililotuletea reviews

Wakuu, habari za huko mlipo. Chai yangu iko hapa kando, nina nafasi leo, na hii ni hadithi ya nyumbani kwetu kwa hivyo sina sababu ya kuitia chumvi.

Mimi ni fundi wa simu, kazi yangu iko Wote, Makueni. Mama yangu yuko Nuu, ile ya upande wa Mwingi, na ana lodging ndogo.

Ni vyumba vichache vilivyozunguka uwanja, mwarobaini katikati. Asubuhi kilima kilicho mbele yake kinajifunika ukungu mpaka unaweza kudhani hakuna kilima.

Mtu akilala pale analala kweli. Sijui ni hewa, sijui ni ule ukimya. Mimi nikiwa Wote sioti kitu, lakini nikifika kwa mama ndoto zinapanga foleni.

Wageni wake ni watu wa kazi. Wachimba visima, wachanja mifugo, wanunuzi wa mbuzi wanaokuja kutoka Tseikuru. Zamani mtu alishuka stage akauliza "kwa Mama Mutua ni wapi", akaonyeshwa. Siku hizi mtu anauliza simu, na simu ilikuwa haimjui mama.

Halafu karibu na stage kukafunguliwa lodging nyingine, ya tiles, na reviews zake zimejaa. Sina kinyongo nao, wanafanya kazi safi. Lakini vyumba vya mama vikaanza kukaa wazi.

Ndipo akaja mnunuzi wa ndengu, Mzee Nzioka. Alitaka vyumba vyote viwe stoo yake, akasema atarudi kuchukua jibu mavuno yakiisha.

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Ndengu hazisumbui. Hazitaki maji ya kuoga."

Akacheka. Mimi namjua mama, kile hakikuwa kicheko. Iliniuma sana.

Nikaiweka lodging kwa map, na picha na namba na kila kitu. Nikabandika karatasi kwa kila mlango: TAFADHALI TUPE REVIEW.

Kimya. Wageni walisoma, wakasema "sawa sawa", wakaenda zao.

Siku moja nikamuuliza Musyoka, mchimba visima ambaye ni mgeni wetu wa siku nyingi, mbona haandiki. Akanishangaa.

"Kwani mama yako amenikosea nini ndio nimwandike?"

Wakuu, hapo ndipo nikaelewa. Huku kwetu, kumwandika mtu ni kumshtaki. Unaandikwa na chifu, unaandikwa na prefect. Mtu ukimpenda unamwambia kwa mdomo, au unasimama kanisani unatoa ushuhuda. Yaani watu walikuwa wanamnyima mama reviews kwa sababu wanampenda!

Kule Wote kuna jamaa aliyeniambia anauza reviews. Mtu hajawahi kuiona Nuu hata kwa picha, lakini atakusifia vitanda. Nikamtajia mama habari za huyo jamaa. Yeye ni mtu wa kanisa, hakufikiria hata kidogo.

"Mtu hajaponywa, atashuhudia nini?"

Nikaachana na hiyo maneno.

Sasa nisikilizeni hapa. Mama ana desturi yake. Mgeni haondoki bila chai, na chai haimiminwi bila swali: "Ulilala aje? Uliota nini?"

Anauliza polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Na watu wazima, na buti zao za matope, wanaanza kueleza ndoto. Uwanja unatulia. Ukungu unajiondoa kilimani kidogo kidogo, maziwa yananukia moshi, na dereva wa lori anasimulia vile aliota ng'ombe wa babu yake wakivuka mto uliokauka zamani, mto umejaa, na kila ng'ombe anamjua kwa jina.

Nilikuwa nimekaa pale na kikombe changu nikajiuliza, review ni nini kama si hii?

Tena kuna hili. Mgeni wa mama akifika aendako lazima apige simu aseme, "Mama, nimefika." Usipopiga, atakutafuta yeye.

Basi nikamwomba, mtu akipiga, amshukuru kisha amwambie: "Ile ndoto ulinieleza, Mutua atakutumia mahali pa kuiweka. Weka ushuhuda." Hakuna kuomba nyota, hakuna kupunguziana bei, na kama hukulala vizuri sema pia. Neno review tukalizika. Karatasi za mlangoni nikazing'oa.

Musyoka akawa wa kwanza: "Bwana asifiwe. Niliota maji yametoka pale tumechimba tukachoka. Blanketi ni safi. Chai iko sawa."

Wengine wakafuata. Mama mmoja wa Matinyani, aliyekuja Nuu kwa matanga ya dadake, aliandika kwamba aliota wako wawili wakipepeta ndengu na kuimba, akaamka analia lakini moyo ni mwepesi. Hiyo niliisoma nikiwa kazini, simu ya mteja iko wazi mbele yangu, na nikasahau skrubu nimeweka wapi.

Hata mbaya tulipata. Mmoja alitupa nyota mbili, eti jogoo alimwamsha akiwa karibu kufika kwao ndotoni. Mama akasema nijibu pole, na kwamba jogoo amehamia kwa shemeji. Na kweli alihamia. Watu walilipenda hilo jibu kuliko sifa zote.

Polepole wageni wakaanza kufuata map mpaka mlangoni. Wengine walisema wazi wamekuja kuota.

Mavuno yakaisha, Mzee Nzioka akarudi. Alikuta mashuka yameanikwa kwa kila kamba, yanapepea. Mama akampa chai, akamwambia, "Mzee, vyumba vina watu." Mzee akacheka, akanywa, akaenda kutafuta stoo kwingine.

Alipoondoka, mama akaniomba nimsomee zote. Nikasoma. Kisha akaniuliza, "Na mimi nalala hapa kila siku. Mbona siwezi kuweka yangu?"

Nikamweleza kwamba mwenye lodging haruhusiwi kujiandikia. Akageuka kutazama kilima.

Hapo ikanijia. Miaka hii yote mama ameuliza kila mtu, na hakuna hata mmoja wetu amewahi kumrudishia swali.

"Mama, wewe uliota nini?"

Akasema ni ndoto ya siku ile Nzioka alikuja mara ya kwanza. Vyumba vyote vimejaa magunia ya ndengu mpaka juu. Yeye anazunguka na birika akitafuta mtu wa kumuuliza amelala aje. Akaweka sikio kwa gunia moja, akasikia linakoroma. Lingine hivyo hivyo. Akakaa chini pale uwanjani, akawangoja waamke, na chai ikapoa.

Map haitaikubali hiyo, kwa hivyo nimeiweka hapa.

Nilichojifunza ni kwamba mteja hakunyimi review kwa roho mbaya. Anangoja umuulize kitu anachotaka kujibu. Wenye salon, wenye hoteli, wenye maduka, tuambiane kwa comments nyinyi huwauliza wateja wenu nini.

Lakini msiwe na haraka. Leo niko Nuu, mama yuko hapa kando anamimina, na anasema kwanza mumwambie mlilala aje.