Kukhu Teresa Amdhamini Rachael

Zamani nilijaza fomu za kodi za watu kwa kalamu, kazi niliyojifunza mwenyewe, na hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Walinijua. Siku hizi mambo ni ya kompyuta, nami ritani yangu ya kodi nampelekea Rachael Nabwire kwa shingo upande, katika saiba yake, duka la intaneti nyuma ya soko la Kakamega.

Mwaka huu serikali iliamuru kila anayewajazia wengine ritani achunguzwe: vyeti, polisi na wadhamini watatu. Asiyepita angefungiwa mtandao wa kodi. Kwa Rachael, huo ungekuwa mwisho wa duka.

Mdhamini wa tatu alikuwa mteja wake, Kukhu Teresa, bibi mkulima wa miwa kutoka Ekero. Rachael alimwambia kuna mtu atampigia simu kuuliza habari za Rachael; sababu haikumwingia kukhu. Simu yake ililia akiwa papo hapo dukani, nami nikiwepo. Kwa kuwa hasikii vizuri, aliifungulia sauti, sote tukasikia.

“Naitwa Maina, napiga kutoka Nairobi. Naulizia tabia ya Rachael Nabwire.”

Uso wa kukhu uling'aa. Kwetu, mgeni akiulizia tabia ya msichana, posa iko njiani.

“Umefanya vizuri kuuliza, baba. Anaamkanga mapema. Obusuma yake, ugali wa kweli, haina madonge. Kwao hakuna mwizi, nawajua mpaka babu.”

Rachael alimpungia mikono. Kukhu akamnong'oneza kwa sauti ya kufika Mumias, “Tulia! Usionyeshe una haraka.”

“Anaweza kushawishiwa kudanganya?” Maina akauliza.

“Huyu? Mwaka jana nilimwambia aiandikie serikali nimekufa, wasinisumbue. Akakataa! Nikamletea ingokho, kuku mnono kabisa. Akamrudisha!”

Tulisikia mtu akijikaza asicheke.

“Sasa zamu yangu,” kukhu akasema. “Kwenu ni wapi? Unakunywanga pombe?”

“Shosho, mimi nina mke.”

“Ala! Na huyu unamuulizia wa nini?”

“Ni kodi, shosho. Kodi tu.”

Kukhu alikata simu kwa hasira. Rachael akashika kichwa. Duka aliliona limekwenda.

Siku ya nne alipata barua pepe: amepita.

Mimi bado nasema uchunguzi wa kweli ulikuwa ule wa mashangazi kabla ya posa, miezi mitatu, mguu kwa mguu. Lakini siku ile angalau pande zote mbili ziliulizwa.

Ijumaa kukhu alirudi kumalizia ritani yake. Rachael akaijaza, kwa jina la mtu aliye hai.

“Na uandike hapo chini,” kukhu akamwambia, “yule mwenye mke asinipigie tena.”