Vidonge vya Damu na Chai ya Mama Mkwe

Mimba yangu ya kwanza ilinikuta mbishi na haikunipunguza hata kidogo. Kliniki walinipa vidonge vya kuongeza damu, nami nikavimeza kila asubuhi bila kukosa. Mwezi uliofuata damu ilikuwa imeshuka zaidi. Muuguzi akaniambia isipopanda nisahau kuzalia pale karibu na nyumbani. Nitapelekwa hospitali kubwa ya Kapkatet, kwenye damu ya kuongezewa. Niliogopa. Kisha akaniuliza huwa navimeza na nini.

Na chai, nikamjibu. Ningemeza na nini kingine? Kwetu michai inaanzia mlangoni. Mama mkwe, aliyechuma majani tangu usichana wake, alinijazia kikombe kila alfajiri na kunisimamia mpaka nimalize.

Muuguzi alicheka, halafu akanieleza kwamba chai huyashika yale madini ya chuma tumboni yasifike kwenye damu. Nimeze na maji au juisi ya machungwa, chai ingoje kwa muda wa saa mbili hivi. Na mboga za managu nile bila kuhesabu.

Shida ilikuwa mama mkwe. Kukataa chai yake ni kukataa boma lake. Kwa siku tatu nilichelewesha kikombe mpaka aende kukamua, nikaunywesha chai mgomba wa nyuma ya jiko, mwoga mkubwa mimi. Siku ya nne akanikuta nimeinamisha kikombe. Nikamwambia yote haraka haraka, nikingoja moto.

Alikaa kwenye kigoda.

“Nikizaa bwana yako damu ilitoka mpaka nikawa sioni watu,” akasema. “Wamama wakanipea chai ya rangi, mingi, ati damu irudi. Mwaka mzima nilitembea nikishika ukuta.”

Tangu hapo aliniletea maji na chungwa lililokatwa, na kunisimamia vilevile. Damu ilipanda. Nikazalia karibu na nyumbani, msichana mwenye sauti ya mnadani.

Nilipotoka kliniki, bado nikiwa na vidonge vya kumeza huku nikinyonyesha, majirani walijaa sebuleni na thamosi zao. Baadhi yao ni wale wale waliomnywesha mama mkwe alipozaa. Yeye alizipokea thamosi moja moja kwa heshima, akazipanga mezani mbali na kiti changu.

“Kunyweni nyinyi,” akawaambia. “Huyu amemeza dawa sasa hivi.”

Niliinama kumfunika mtoto kwa leso, ili nilie bila kuulizwa.