Mbwa Aliyejifunza Kuachia

Harufu ya nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaangwa ikakauka, hunikumbusha mbwa wetu wa kuchunga mbuzi. Akiokota kiatu au mfupa, alikuwa haachii hata umvute masikio. Wiki nzima nilimfundisha kwa nyirinyiri: achia, upewe. Alinichosha mpaka nikalia.

Siku aliyoelewa, askari walikuwa wakiwasaka mashifta, waasi wenye bunduki, bomani kwetu, nje ya Garissa. Mmoja wao alikuwa akila biskuti. Mbwa akamwendea, akaweka miguuni pake ganda la risasi aliloliokota kisimani, akangoja malipo.

Baba akapandishwa lori. Alirudi siku ya tatu, akichechemea.

“Nani alimfundisha huyu ukarimu?” aliuliza.

Mama alinitazama. “Alizaliwa hivyo,” akasema.