Vyumba Walivyoviita Stoo

Nilitoka nyumbani Donholm kwenda kuhesabu watu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi: tangu nimalize chuo sikuwa nimepata nyingine. Ya pili ni mama yangu. Mitaa yote iliyokuwa ng'ambo ya barabara ya Outer Ring yeye aliiita "kule," na kwa jinsi alivyolitamka neno hilo ungedhani kule kote ni nyumba moja yenye mlango mmoja. Aliponisihi nikatae nikipangiwa kule, niliazimia kwenda popote nitakapotumwa.

Kayole, asubuhi. Kioko, kiongozi wa kundi letu la makarani wa sensa, alitukusanya karibu na Spine Road akatukumbusha tuliyofunzwa. Watu kwanza, kisha nyumba: paa la nini, ukuta wa nini, sakafu ya nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani. Kila swali lilikuwa na majibu yake kwenye tableti tuliyobeba, nawe ulitakiwa kugusa moja tu. Maghorofa hayakunisumbua, yalikuwa mawe na saruji mlango baada ya mlango. Hata hivyo, mama mmoja wa ghorofa ya juu alinionyesha mfereji jikoni kwake, nikagusa maji ya bomba ndani ya nyumba. Kisha akaufungua. Ukakoroma tu. Akanieleza kwamba maji hupanda huko kwa nadra, na siku nyingi hununua kwa mtungi na kuyabeba ngazini. Nikafuta nilichoandika.

Kiamaiko, mchana. Mwenzetu aliyepangiwa huko alikuwa ameugua, nikapelekwa kumsaidia. Mbuzi walikuwa wakishushwa kutoka malorini, na kando ya barabara vijana wakichoma manyoya ya vichwa. Ploti niliyofikia ilikuwa na jengo la mawe mbele, na nyuma yake kichochoro kilichoingia kwenye safu ya vyumba vya mabati. Musa, aliyekusanya kodi kwa niaba ya mwenye ploti, alinipokea vizuri na kunizungusha jengo zima la mbele. Nilipogeukia kichochoro akasimama mbele yangu.

"Madam, huko ni stoo tu. Ngozi na mbuzi wanaongoja kuchinjwa. Hakuna watu."

Niliona kamba ya nguo juu ya mabati. Nikamuuliza ni mbuzi gani anayevaa sare ya shule.

Hakucheka. Alimpigia simu mwenye ploti na kunipa niongee naye. Yule mzee hakunigombeza. Kwa sauti ya upole aliniambia kwamba nikiandika kuwa pale wanaishi watu, wakubwa watajua kuna makazi yasiyoruhusiwa, watakuja na tingatinga, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewabomolea maskini. Tulikuwa tumefunzwa kwamba majibu ya sensa ni siri, nikamwambia hivyo, lakini maneno yake yalinichoma. Nikampigia Kioko. Akasema tumechelewa, niandike stoo niendelee.

Mlango wa kwanza wa mabati ukafunguliwa. Mwanamke aliyetoka alikuwa amejifunga leso kiunoni, mikono yake ingali na maji. Alikuwa amesikia yote, maana bati halizuii sauti. Jina lake Nafula, mzaliwa wa Bungoma. Kazi yake ni kusafisha matumbo ya mbuzi na kuyauza kwa wenye vibanda vya supu. Musa akamwonya kwamba atakayefungua mdomo atafute chumba kwingine. Nafula hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Mimi nalala hapa, na watoto wangu wamezaliwa hapa. Wakija kubomoa, wakute nimeandikwa kuwa mtu."

Akavuta kigoda, akaketi mlangoni, akaniambia nianze.

Nikampita Musa nikaanza. Paa, mabati. Ukuta, mabati. Kwa safu kama ile tulikuwa tumeambiwa tujaze chumba cha kwanza kisha turudie majibu yale yale, kwa kuwa vyumba hivyo vyote ni sawa. Nikamuuliza Nafula kuhusu sakafu.

"Saruji," alisema. "Ingia uikanyage."

Niliingia. Ilikuwa saruji nyororo, imepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa hadi inang'aa. Yeye na mumewe waliimwaga wenyewe. Nilipofika kwenye maji, akasema ananunua kwa mtungi, niandike hivyo hivyo, hataki nimwongezee wala nimpunguzie. Chumba cha pili kilikuwa na udongo uliofunikwa kwa zulia la plastiki. Cha tatu kilikuwa na mbao. Majirani walitoka mmoja mmoja wakasimama milangoni kungoja zamu yao, nami sikurudia jibu la mtu yeyote.

Kioko alifika nikiwa katikati ya safu. Musa alikuwa amemwita. Aliniamuru nitoke. Kazi hiyo niliihitaji. Nikamnyoshea ile tableti. Nikamwambia aichukue, lakini kabla ya kuondoka awaambie watu hawa yeye mwenyewe kwamba hawaishi hapa.

Hakuipokea. Aliitazama ile milango na watu waliosimama. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, choo kiko wapi. Nafula akampeleka. Aliporudi alikuwa ameziba pua kwa kitambaa, na macho yamemwiva.

"Endelea," alisema. "Nitaongea na mwenye ploti."

Jioni nilirudi Donholm, sehemu ya njia kwa miguu, viatu vimejaa mavi ya mbuzi. Kesho yake nilihamishiwa mtaa mwingine. Sikuambiwa sababu, nami sikuuliza.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda Kiamaiko tena, safari hii kwa nauli yangu. Nafula alinipa kigoda na kunisimulia. Mwenye ploti alimtumia amri ya kuhama, na siku ilipofika Musa akaja na kufuli. Majirani walitoka wakamwambia kwamba akifunga mlango mmoja atakuwa ameifunga yote, na kodi akaidai kwa mbuzi. Musa aliondoka na kufuli lake. Tingatinga halijaja. Huenda likaja, Nafula hajidanganyi kuhusu hilo.

Nilichojifunza ni hiki: sensa haimpi mtu nyumba, wala haimzibii paa linalovuja. Serikali ndiyo inayopanga aina za kuta na sakafu, lakini kusema "naishi hapa" ni haki ya anayeishi, na hakuna mwenye ploti wala karani anayeruhusiwa kumsemea. Sensa ijayo nitaomba nipelekwe Kiamaiko. Nisipochukuliwa, Nafula amesema ataketi pale pale mlangoni, na yeyote atakayetumwa atamkuta.