Helmeti Alizozilainisha Starehe

Mume wangu wanamwita Starehe, na aliyempa jina hilo hajawahi kuishi naye nyumba moja. Mimi nimeishi naye. Chai anainywa amesimama. Akikaa kwenye kochi, tena kochi alilolishona mwenyewe, goti linamcheza, macho yako mlangoni, na hujamaliza kumsimulia habari ya jirani ameshainuka kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuhitaji kuangaliwa. Marehemu mama mkwe alikuwa akisema mwanawe ni kiguu na njia tangu alipoanza kutambaa. Lakini waendesha pikipiki wa kijiweni wanamjua kwa kazi ya mikono yake tu, na kazi ya mikono yake ni kumfanya binadamu akae vizuri.

Chumba chetu cha mbele ndiyo karakana. Ukiingia unapishana na magodoro yaliyochoka, mikunjo ya ngozi bandia, kopo la gundi lisilofunikwa, na cherehani iliyokaa dirishani ambapo wenzangu wanaweka maua. Yeye mwenyewe aliendesha pikipiki ya abiria mpaka mgongo ukamgomea, kwa hiyo anajua panapouma. Siti ya kiwandani, anasema, ilibuniwa na mtu asiye na makalio. Huivua ngozi, akaichonga sponji upya, akaacha bonde dogo katikati, na dereva aliyekuwa akishuka ameinama huanza kushuka kama watu.

Wanaokuja kwake ni wale ambao vifaa vya dukani wanaviangalia kupitia kioo. Mtu akija analalamika vidole vinaganda alfajiri, Starehe anakata dumu la mafuta ya kupikia vipande viwili na kuvifunga mbele ya mipini, upepo unapigia pale. Mipini yenyewe anaizungushia mpira wa tairi la baiskeli ili mtetemo usipande mabegani. Kwenye koti la ngozi la mitumba lililopasuka mgongoni anatoa glavu. Kwenye buti la mvua lililotoboka anatoa kinga za magoti, ameshonea jinzi kwa ndani. Vizibao vya wajenzi wa barabara vikishachakaa anavikata vile vipande vinavyong'aa na kuvishona migongoni mwa majaketi, na sasa hivi pikipiki za mtaa wetu unaziona gizani kabla hujazisikia. Haya yote ni mazuri. Mimi ni mtu wa kumsema mume wangu, kila mtu anajua, lakini kwa haya simsemi.

Namsema kwa helmeti.

Ilianza na binti yetu mkubwa, mchanjaji wa mifugo. Pikipiki ya kazini ndiyo miguu yake; anazunguka vijiji vya milimani na sanduku la chanjo nyuma, kwenye njia ambazo mbuzi wenyewe wanafikiri mara mbili. Alikuja siku moja na alama nyekundu kwenye paji la uso, akasema helmeti inambana, kichwa kinamuuma mpaka jioni. Baba yake hakungoja amalize sentensi. Aliichukua, akachokonoa kwa bisibisi lile povu gumu jeupe la ndani, la aina ile inayokuja kwenye boksi la televisheni, akalitoa lote kama bakuli. Mahali pake akaweka sponji ya godoro na juu yake mahameli nyekundu, yenye vifungo vya kuivua na kuifua. Binti alipovaa alicheka.

"Baba, ni kama nimevaa mto."

Maneno hayo yalifika kijiweni kabla ya binti kufika kwake. Wiki hiyo wakaja, na wiki iliyofuata wakaja wengine. Kila mmoja alikuwa na paji lake la uso na malalamiko yake. Starehe akawalainishia wote, na helmeti yake mwenyewe pia. Sponji ya kila kichwa aliijaribu kama anavyoijaribu ya siti: anabonyeza kwa dole gumba taratibu, na dole likigusa mbao chini, sponji hiyo anaitupa. Aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu kabisa, na hapo ndipo roho inaponiuma hadi leo.

Yangu hakuigusa. Nina helmeti ya abiria, ya kijani, mbaya, inanibana masikio, inaning'inia kwenye ndoano nyuma ya mlango. Wiki aliyotaka kuilainisha ndiyo wiki aliyolipasua kochi langu kwa sababu sponji ilimwishia.

"Kichwa changu si siti," nilimwambia. "Kiache."

Msinisifu kwa hilo. Haikuwa akili, ilikuwa hasira.

Yale mabakuli meupe aliyoyatoa niliyachukua mimi. Nafuga kuku wa mayai na nauzia migahawa miwili karibu na soko. Nilijaza bakuli mayai na pumba za mpunga, nikalifunika kwa bakuli lingine, nikafunga kamba, nikapanga kwenye kreti nyuma ya pikipiki ya baba watoto. Yakawa yanafika salama. Yeye akaudhika. Mke wa Starehe, anasafirisha mayai kwenye takataka?

"Nikutengenezee ya sponji," alisema. "Mayai yalale."

"Mayai hayajaomba kulala."

Alinitengenezea hata hivyo, visanduku viwili vya sponji, vimeshonwa vizuri kuliko nguo zangu za kutokea. Nikavikubali ili yaishe. Asubuhi ile tukapakia kreti nusu kwa nusu, mabakuli yangu na visanduku vyake, tukaondoka. Alikuwa na haraka, kama ada yake. Haraka ya kwenda wapi hata yeye hajui. Kwenye tuta lililo kabla ya soko hakupunguza mwendo vya kutosha, mpira wa kufungia ukachomoka, na kreti ikaruka ikatua kwenye lami nyuma yetu kwa kishindo kilichogeuza shingo za watu.

Nilishuka nikimsema. Nilimsema yeye, nikausema mpira, nikamsema na aliyejenga tuta. Kisha nikapiga magoti kuokoa ninachoweza. Mabakuli meupe yalikuwa yamepasuka, mengine ukingo kwa ukingo, hayafai tena. Nikayafungua nikitegemea uji. Mayai yalikuwa mazima, karibu yote. Nikageukia visanduku vya sponji. Vyenyewe vilikuwa vimerudi katika umbo lake, havina hata mkwaruzo, isipokuwa ute uliokuwa ukichuruzika kwenye mishono.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimtanie nilipoona uso wake. Alikuwa amechuchumaa na kipande cha bakuli lililopasuka mkononi. Mtu huyu hajawahi kuchuchumaa mahali pamoja kwa muda huo.

"Mama watoto," alisema, "yamepona kwa sababu hili limepasuka."

"Naona."

Akachukua sponji, akailaza kwenye lami. Safari hii hakuibonyeza kwa dole. Aliipiga ngumi. Nikasikia mifupa ya vidole ikigonga barabara.

"Siti mtu anaikalia taratibu," alisema akiiangalia damu kwenye vidole vyake. "Kichwa hakianguki taratibu."

Nilielewa yeye alipoelewa, na wote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja. Alipiga simu ya binti. Haipatikani. Akapiga tena akiwa ameshasimama, akapiga anatembea, akapiga huku anafunga kreti kwa mkono mmoja. Kule milimani simu inashika kwenye vilima viwili tu, na binti akiwa kwenye chanjo hapandi vilima kutafuta mawasiliano. Tulijua kijiji alipo, na tulijua hangehama kabla ya kesho.

Kijiwe kilikuwa kwenye njia ya kurudi nyumbani, akasimama hapo. Madereva walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakipiga soga, wamestarehe kwelikweli, wengine helmeti zao wamezilaza mapajani. Akawaambia wazirudishe zote.

Wakavunjika mbavu.

"Fundi, unataka utulipishe mara ya pili?" alisema Kipara, ambaye kwa kukosa nywele ndiye aliyekuwa mteja mwenye shukrani kuliko wote. "Mimi hii naivaa hata nikiwa sina abiria."

Starehe hakubishana. Alichukua yai kwenye kreti yangu bila kuniuliza, akaliweka ndani ya helmeti ya Kipara kwenye utosi, akalishindilia kitambaa lisihame, akaiinua kimo cha bega na kuiachia idondoke chini. Walipoitazama, ganda la nje lilikuwa safi, lakini sponji ilikuwa imelowa. Kisha akaniomba helmeti yangu ya kijani. Yai la pili akalifanya vilevile, akaiachia kimo kilekile. Lilitoka zima. Hakuna aliyecheka tena.

Kipara aliingiza mkono kwenye helmeti yake, akautoa unateleza.

"Kwa hiyo miezi yote hii nimevaa sufuria."

"Ndiyo."

"Na wewe uliniambia ni mto."

"Ni mto," alisema mume wangu. "Mto ni wa kulalia. Nisameheni, ndugu zangu. Nilitengeneza kitu ninachokijua mahali nisipopajua."

Mmoja alimtukana. Starehe akawaahidi hapohapo: yeyote atakayepata helmeti ambayo haijachokonolewa, siti, glavu na kinga za magoti atamfanyia bure. Kisha akapanda pikipiki, akashuka, akanikumbuka, akapanda tena.

Kesho yake kulipopambazuka alikuwa tayari amevaa buti. Alichukua helmeti yangu kwenye ndoano, akaitia mkononi hadi kwenye kiwiko.

"Nampelekea hii."

"Na wewe unavaa ipi?"

"Yangu."

"Ile ya sponji?"

Nilimvua ile ya kijani mkononi, nikamvika kichwani mimi mwenyewe, nikafunga na mkanda chini ya kidevu. Ilimbana mashavu mpaka midomo ikamtoka mbele. Nilitamani kucheka, nikashindwa.

Mchana binti alipiga simu kutoka kwenye kimoja cha vile vilima vyake. Yeye hakujua kama mimi nilikuwa sijavuta pumzi tangu asubuhi.

"Mama, baba ana nini? Amenivua helmeti mbele ya wenye mbuzi kama mtoto wa chekechea, amenivisha hii yako. Inaniua masikio."

"Iache ikuue masikio," nilisema. "Yeye yuko wapi?"

"Ameshaondoka zamani. Nilimwambia avae yangu ya mahameli aende polepole, akaifunga kwenye mpini."

Tangu mchana huo nikawa mimi wa kuangalia mlango. Safari ile kwa pikipiki ni ya saa moja na nusu. Nilienda kwenye banda la kuku, nikarudi, nikasahau nilichofuata, nikaenda tena. Nilimimina chai, nikajikuta nainywa nimesimama. Jua likashuka juu ya mapaa ya mabati na hakuna ngurumo ya pikipiki ninayoijua. Nikajiwazia mabaya yote, nikajikanya, nikaanza upya. Kama angeanguka, angeanguka bila chochote kichwani, na aliyemfunga mkanda asubuhi ni mimi, akaenda kuivua helmeti amvike binti, na ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Alitokea kwenye kona kwa miguu, anaisukuma pikipiki. Buti zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Kwenye paji la uso alikuwa bado na alama nyekundu ya helmeti yangu.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Mafuta yameisha?"

"Yamo."

Niliangalia siti. Ni siti nzuri kuliko zote alizowahi kushona, watu huja kuigusa tu. Ilikuwa na tabaka la vumbi ambalo hakuna mtu aliyelikalia.

"Umetembea kutoka milimani?"

"Nilijaribu kupanda," alisema. "Nilipoona tuta la kwanza nikashuka."

Alikaa kwenye lile kochi lililopasuka, nikaenda kuchemsha chai. Maji hayajachemka nikasikia bisibisi. Alikuwa anaitoa sponji kwenye helmeti yake na ya binti, anakata mahameli vipande ili hata yeye mwenyewe asije akashawishika kuirudishia.

Helmeti ya kwanza aliyoweza kuinunua hakunipa mimi. Alimpelekea Kipara. Nilinuna siku nzima, halafu nikampikia. Wengine kijiweni wanakuja mmojammoja na zao mpya, bado zina karatasi, wanamwonyesha ndani kwanza kabla ya kumwonyesha siti. Kuna wawili ambao hawajaja. Kila akipita kijiweni anawauliza, nao wamechoka naye.

Ndoano nyuma ya mlango bado iko tupu. Mayai tunayapeleka kwa miguu, yeye anayabeba, anatangulia mbele hatua ndefu, anarudi, ananiambia niharakishe, anakumbuka kreti, ananiambia nitembee taratibu. Na tukifika kwenye lile tuta kabla ya soko, ananishika kiwiko mpaka tunalivuka, mimi mtu mzima ninayetembea kwa miguu yangu.